Kufuli la Watu Wawili

Mama yangu alijiunga na chuo chetu nikiwa nimeshazoea kuwa mkubwa pale. Akaingia darasa langu, akachagua dawati la mbele yangu, akatoa kalamu mbili, moja akanipa mimi. Naomba mnielewe, si kwamba nilimwonea haya mama yangu mzazi. Haya basi, nilimwonea. Wewe jaribu kusoma mahali ambapo mama yako anainua mkono kila mara kuuliza swali, halafu akishajibiwa anageuka nyuma kuangalia kama umeandika.

Hakuja kwa kupenda. Kiwanda cha sabuni, alikofunga katoni tangu mimi sijaota meno, kilileta mashine zinazofunga zenyewe, na wafungaji wakaambiwa wakasomee utunzaji wa mitambo. Atakayepata cheti atabaki, atakayekosa akapumzike nyumbani. Mji wetu ndio ulivyo, unaishi kwa viwanda. Kuna cha sabuni, cha nondo na cha rangi, na chuo kimebanwa katikati yao, karakana za mabati zilizozunguka uwanja wa saruji. Asubuhi ukifika getini, pua yako inakwambia upepo wa leo unatoka kiwanda gani.

Wanafunzi wakambatiza Mama Darasa. Mimi tayari nilikuwa na langu, Kiberiti, eti nawaka haraka. Uongo mtupu. Nawaka nikichokozwa tu, na watu wa pale wanachokoza kutwa nzima.

Sasa niwaeleze habari ya makufuli, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Katika karakana kubwa kuna pipa la kuchanganyia sabuni ambalo kiwanda kilituachia kiliponunua jipya. Msifikirie pipa la kutekea maji. Hili ni la chuma, limelala ubavu, urefu wake kama chumba cha kulala, na mlango wake ni kitundu kimoja chenye mfuniko upande wa mbele, cha kupenya mtu mmoja kwa kujikunja. Ndani kuna mhimili unaopita katikati toka mwanzo hadi mwisho, umejaa mapanga mapana yaliyopinda. Likiwashwa, mapanga yanazunguka na kukanda chochote kilichomo. Chochote.

Kwa hiyo kabla mtu hajaingia kukwangua au kukagua, anakwenda kwanza kwenye swichi kubwa ya ukutani. Ina mkono wa chuma. Ukiushusha umezima, ukiupandisha umewasha. Ukiwa chini, tundu la mkono na tundu la ubao wake yanakutana, na hapo unapitisha kufuli lako lenye kibati cha picha yako. Ufunguo unakaa mfukoni mwako, si kwa mwingine yeyote. Mtu mmoja, kufuli moja, na la mwenzako huligusi hata akiwa mumeo. Ukikuta kufuli, ujue ndani kuna mtu. Usipokuta kufuli, ndani hakuna mtu. Mwalimu wetu wa mitambo, tuliyemwita Nati kwa sababu mifuko yake ililia nati akitembea, alituimbia maneno hayo mpaka tukawa tunayaota.

Na kufuli langu mimi, siku ile, lilikuwa wapi? Nyumbani, kwenye bomba la maji. Wapangaji wenzetu walikuwa wanachota maji yetu kama ya baba yao, kufuli la bomba likawa limeoza kwa kutu, mama akachukua langu la chuo akalifunga pale. Alisema kufuli zuri kama lile kulala kabatini ni dhambi. Nikasema nitalirudisha, nikasahau, na asubuhi ya jaribio la vitendo nikajikuta nimesimama mbele ya swichi mikono mitupu.

Jaribio lenyewe lilikuwa la wawili wawili, na Nati, kwa utani wake mbaya, alinipanga na mama. Mmoja aingie kukwangua na kukagua mapanga, mwingine asimame mlangoni kumwangalia. Ukikosa kufuli hufanyi jaribio. Mimi ningesubiri muhula mwingine, si mwisho wa dunia. Lakini mama akikosa mwenzake, na yeye angekwama, na kiwanda hakikuwa na subira ya muhula mwingine. Nati mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameshatugawia kazi, akakimbilia getini kuwapokea wageni kutoka kiwandani.

Mama akaniangalia, akaliangalia kufuli lake, akalipitisha kwenye tundu, akalifunga.

"Langu litatosha wote wawili," akasema. "Nimekubeba tumboni, kufuli litanishinda?"

Nilicheka. Wallahi nilicheka, nikavaa tochi ya kichwani, nikajikunja nikaingia.

Niseme ukweli wangu: niliogopa tangu nilipopenyeza mabega. Mimi mahali pa kubana sipawezi, ila Kiberiti hawezi kuonekana anaogopa pipa. Harufu ya sabuni ya zamani inakukaba koo mpaka macho yanatoa machozi. Mapanga yako mbele, nyuma, juu, na unapita katikati yake kwa kujinyonganyonga, huku goti hapa, kiwiko pale. Nilikwenda hadi mwisho kabisa, kwa sababu huko ndiko sabuni ilikogandia, nikaanza kukwangua na chuma changu, nikiimba kidogo ili nisisikie moyo wangu.

Mama akaingiza kichwa mlangoni. Akasema ameitwa ofisini, wageni wa kiwandani wanataka kuwaona watu wao sasa hivi, nitoke twende.

Nikamjibu, "Nakuja."

Mnazijua nakuja za watoto kwa mama zao. Kulikuwa na bonge moja nyuma ya panga la mwisho limeng'ang'ania, nami nilitaka nilimalize nisije nikarudi tena mle ndani. Mama akaondoka akiamini niko nyuma yake. Na alipopita kwenye swichi, mkono wake ukafungua kufuli ukalitia mfukoni.

Mtasema alikuwa mzembe. Hamjafanya kazi kiwandani. Kule kengele ikilia, mfanyakazi akaenda zake akaacha kufuli lake linaning'inia, mtambo mzima unasimama, kwa sababu hakuna ruhusa ya kulikata mpaka atafutwe. Zamu nzima inamtukana, yeye na ukoo wake. Mama kwa miaka yote ile hakuwahi kuacha kufuli nyuma. Akiondoka mahali, kufuli linaondoka naye, kama vile wengine wanavyozima taa wakitoka chumbani bila kujua wameizima. Mkono ulifanya ulichozoea. Ulisahau tu kwamba siku ile kufuli lilikuwa la watu wawili.

Nilisikia miguu mingi. Nikadhani ni Nati na wageni wake, nikaharakisha. Kumbe ni mwalimu wa umeme na darasa lake, wamekuja kuangalia mota inavyoanza kuzungusha mzigo. Hilo na mengine ya nje niliambiwa baadaye. Mwalimu wa umeme si mtu mbaya, wala si mjinga. Alitazama swichi akaona haina kufuli, na sisi sote tulifundishwa maana yake. Akaita, kuna mtu? Akaita kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ni tupu. Karakana jirani walikuwa wananyoosha mabati kwa nyundo, na mimi nilikuwa nakwangua, sikusikia.

Nilichosikia ni mfuniko. Mwanafunzi mmoja aliusukuma kwa goti, bila hata kuchungulia, ukajifunga kwa kishindo ambacho nilikisikia kwenye meno. Nikageuka ghafla, tochi ikagonga panga, ikazimika.

Giza la mle ndani sijawahi kuliona kokote. Nikapiga kelele. Sauti ikanirudia yote, ikanijaa masikioni, haikutoka hata tone. Nikapiga chuma kwa chuma, paa paa paa, kwa nguvu zangu zote, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekwisha, kwa sababu mji mzima unapiga chuma. Nyundo za jirani zilikuwa zinalia vilevile. Nani angejua kwamba zile moja mbili tatu ni za mtu anayetaka kutoka?

Nikaanza kutambaa kurudi mlangoni. Nilikuwa napapasa panga, napita chini yake, napapasa lingine. Nilijiambia wamefunga mfuniko tu, mfuniko si kitu, swichi ina kufuli, kufuli la mama liko pale. Nililishika hilo wazo kwa mikono miwili. Mama yuko nje, kufuli liko pale. Kisha nikakumbuka kwamba mama ameitwa ofisini, na mama akiondoka mahali haachi kufuli. Namjua mama yangu.

Hapo nilijikojolea. Siwezi kulipamba.

Halafu mapanga yakasogea.

Hayakwenda kwa umeme, yalikwenda polepole, kwa mkono. Watu wa umeme wana desturi yao, kabla ya kuwasha mtambo uliokaa wanashika puli, lile gurudumu la nje linalovutwa na mkanda wa mota, na kuuzungusha kwanza kwa mkono, kusikia kama ni mwepesi. Desturi nzuri, imeokoa mota nyingi. Mimi niliisikia kwa mgongo. Panga la juu likashuka likanigusa begani, taratibu, kama mtu anayekuomba upishe. Nikainama. La chini likapanda likanikuta pajani, likanibana kwenye ukuta wa pipa, likasimama. Chuma changu cha kukwangulia kikaniponyoka. Nikasukuma kwa mikono, likasukuma nalo. Wakaongeza nguvu huko nje. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikamwita mama, nikamwita Mungu, nikarudia tena mama.

Wakaacha.

Niliambiwa baadaye kwamba mwanafunzi aliyekuwa kwenye puli alisema ni mzito, unakwama. Na mwalimu wa umeme akamjibu ni sabuni iliyoganda ndani, umeme utaulegeza.

Ule uzito ulikuwa mimi.

Mama, wakati huo, alikuwa amekaa kwenye kiti cha ofisini pamoja na wafungaji wenzake, mgeni wa kiwandani anawapa hotuba. Dirisha la ofisi linatazama uwanja wa saruji, na kutoka karakana kubwa hakuna njia nyingine ila kupita pale. Mama alikuwa anasikiliza kwa sikio moja, macho yako uwanjani, ananingoja nipite na ovaroli langu chafu ili anipungie mkono niaibike. Sikupita. Akaona darasa la umeme linaingia karakana. Bado sikupita. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa, akashika kufuli.

Wenzake wanasema aliangusha kiti. Mgeni alikuwa katikati ya sentensi.

Sijawahi kumwona mama yangu akikimbia. Ana miguu ya kusimama, ya mtu aliyesimama kwenye mkanda wa katoni maisha yake yote, na magoti yake hulalamika hata kwenye ngazi. Wanasema aliukata uwanja ule kama msichana, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Alipoingia mlangoni pumzi haikuwepo, sauti haikuwepo. Alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Mwalimu wa umeme alikuwa amewapa mgongo wanafunzi, amekwisha kushika mkono wa swichi, anaeleza jinsi ya kuupandisha kwa mara moja bila kusitasita.

Kufuli alikuwa nalo. Lakini kufuli lilikuwa limefungwa na ufunguo uko mfuko mwingine, chini ya funguo za nyumba. Swichi ile ni ya zamani, tundu lake lilitobolewa enzi za makufuli manene kama ya geti. Mama akajipenyeza chini ya kwapa la mwalimu na kuingiza kidole chake cha mwisho ndani ya tundu, hadi mzizi.

Mwalimu akapandisha.

Mkono wa swichi ukaenda kidogo, ukagota. Swichi za chuo kukwama ni jambo la kila siku, wala hatukasiriki nazo tena. Hakutazama chini. Akaweka mkono wa pili, akasukuma tena.

Mle ndani nilisikia kishindo kwenye ukuta, mara mbili. Nilifumba macho, ingawa kufumba na kufumbua kulikuwa sawa, nikaziba uso kwa mikono. Nilingoja. Sijui niwaeleze vipi kungoja kule. Kila sehemu ya mwili wangu ilijua ni wapi panga litaanzia. Nilitamani lianze upesi.

Badala yake nikasikia nyundo za jirani zinanyamaza, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki kimya. Kisha mfuniko ukafunguliwa, mwanga ukaingia, na sauti ya Nati ikaita jina langu la nyumbani, lile ambalo pale chuoni analijua mama peke yake. Ndipo nikajua mama yuko hai, na kwamba yeye ndiye aliyemwambia.

Walizungusha puli kinyume kuniachia paja. Nilitoka kwa kuvutwa kama mzigo. Darasa zima la umeme lilikuwa limesimama limeganda. Mwalimu wao, aliyeacha kusukuma damu ilipomdondokea viatuni, alikuwa amekaa sakafuni, mikono juu ya kichwa, anavitazama viatu hivyo. Na mama alikuwa pale pale ukutani, hajasogea, damu inamtiririka hadi kwenye kiwiko. Kidole kilikuwa bado kwenye tundu.

Nati alikuwa anambembeleza akitoe. Alimwambia mtoto ametoka, mwangalie, huyu hapa.

"Miguu yake haijafika chini," mama akasema.

Ni kweli, nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa mlango wa pipa. Nikashuka. Nikasimama mbele yake nikiwa nimelowa, ovaroli limechanika. Akanitazama toka juu hadi chini kama anavyokagua katoni. Ndipo akajaribu kukitoa kidole, kikakataa. Chuma kilikuwa kimekiuma, na ili kiachie ilibidi mkono wa swichi ushushwe tena mpaka mwisho. Hakuna aliyetaka kuugusa. Nati alisogeza mkono wake akaurudisha. Basi nikaushika mimi. Nilikuwa na hakika, hakika kabisa, kwamba nikikosea kidogo nitaupandisha badala ya kuushusha. Niliushusha. Mama akatoa mlio mmoja mdogo, na kidole kikatoka.

Woga wangu mimi hutoka kwa njia ya hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Nikaanza kumfokea mama mbele ya watu wote. Nikamuuliza ana akili gani, kidole na chuma wapi na wapi, kwa nini asipige kelele. Yeye akanishika shavu kwa mkono mzima uliobaki, akanishika bega, akashuka mpaka vidole vyangu, akavipapasa kimoja kimoja.

"Kesho njoo na kufuli lako," akaniambia. "Mimi sina vidole vya kutosha."

Kisha akaanguka, tukamdaka.

Hospitali walikikata kidole, hakikuwa cha kushonwa tena. Chuo kilitupa adhabu wote wawili, mimi kwa kuingia bila kufuli, yeye kwa kufunga la watu wawili, na sikubisha hata kidogo, mimi huyu ninayebishia bei ya chumvi. Wageni wa kiwandani, waliomfuata mama mbio pamoja na Nati, walikuwa wameona kila kitu kutoka mlangoni. Hatujui waliongea nini huko kwao, lakini kiwanda kilikubali kumngojea mama arudie jaribio.

Alirudia mkono ukiwa umeshapona. Safari hiyo wa kuingia alikuwa yeye, na mlinzi wa mlangoni mimi. Alikwenda kwenye swichi, akashusha mkono wake wa chuma, akapitisha kufuli kwa vile vidole vinne, akalifunga, akalivuta kuhakikisha. Nami nikaweka langu kando ya lake. Wala sikuwa naingia.

Mama akajikunja, akaingia. Nikasikia anavyopumua, anavyohangaika na magoti yake kati ya mapanga, anavyokwenda mbali zaidi na mlango. Nilisimama mahali ambapo ningeweza kumwona na kufikia ukuta kwa wakati mmoja, mkono wangu wa kushoto ukaushika ule wa swichi, ukaubana chini kwa nguvu zote. Paja lilianza kuniuma pale pale panga lilipokuwa limenibana.

Nati akaja taratibu, akasimama karibu yangu. Akaniambia kwa upole kwamba kuna makufuli mawili pale, mkono ule hauwezi kupanda hata wakija watu kumi.

Nikamwambia najua, mwalimu.

"Upo?" mama akaita kutoka ndani.

"Nipo," nikamjibu, na mkono sikuuachia.